JE, WAGENI WOTE WANA SURA MOJA?

Kati ya mwaka 1970 na 1975 mafundi wengi kutoka China walijenga reli ya TAZARA. Reli hiyo inapita hapa Ifakara. Mtu akiwaona Wachina mara ya kwanza husema, "Ah, wote sura moja!" Mchina mgeni naye hutuona sisi vivyo hivyo.

Kwa nini? Kwa sababu macho hujifunza. Wataalamu wamegundua kuwa mtoto wa miezi 3 hutofautisha nyuso za watu wa kila rangi. Akifika miezi 9, hutofautisha vizuri zile anazozizoea tu.

Mgeni akitokea, macho hutuambia upesi: huyu ni mwanamume au mwanamke, ni mwenzetu au si mwenzetu. Mara nyingi tunaishia hapo. Uso wenyewe hatuushiki.

Hapo ndipo penye hatari. Ng'ombe wameingia usiku katika shamba la mpunga. Mwenye shamba amemwona mchungaji kwa mbali. Asubuhi anamkamata mchungaji mwingine: "Ndiye huyu!" Asiye na kosa anaumia.

Mwaka 1980 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilisema kuwa ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu sana. Basi, kabla ya kumnyooshea mtu kidole, jiulize:

1. Nilimwona kwa muda gani?
2. Alikuwa mbali kiasi gani?
3. Kulikuwa na mwanga?
4. Nilimjua kabla ya siku ile?

Tena tuongee na wageni, tujue majina yao. Macho yatazoea.

ZOEZI: Andika jina la jirani wa kabila jingine. Unamtambuaje?