Acha Kugombana na Padi, Mdogo Wangu

Leo nina maneno na nyinyi mnaocheza gemu za muziki, maana barua zenu za siku hizi zina kilio kimoja. Mvulana wa Kondele amenunua padi ya pili na bado nyimbo zinamkataa. Msichana wa Manyatta anacheza osu! kwenye kompyuta ya kaka yake, na huyo kaka amemwambia mbele ya wenzake kwamba hana mdundo kabisa. Jamani! Kumwambia mtoto wa Kisumu, aliyekua akisikia benga na ohangla kila harusi na kila matanga, kwamba hana mdundo? Hilo ni tusi la kupelekwa kwa wazee.

Poleni. Lakini nisikilizeni kabla hamjavunja kitu. Unaona noti inashuka, unabonyeza ukisikia mdundo, gemu inakwambia umekosa. Unarudia, umekosa. Mwishowe unaanza kuamini kasoro iko mikononi mwako, unaacha kucheza mbele za watu, unakuwa mkali kwa kila anayekupitia. Au unairusha padi ukutani, na hasira ni hasara: padi imekufa, na kuchelewa kuko pale pale.

Siku moja nenda Dunga, usimame mbali kidogo ufuoni, umtazame fundi akipigilia misumari kwenye boti. Nyundo inatua kwanza, mlio unakufikia baadaye. Fundi hajakosea. Sauti imekawia njiani, kwa kuwa hewani inakwenda mita 340 hivi kwa sekunde. Humo sebuleni mwenu pia sauti ina safari, na picha ina safari yake. Ukikaa mita tatu kutoka kwenye spika, hewa inakula milisekunde 9 hivi tu, hizo wala hutazihisi. Visikizi vya Bluetooth vya kawaida, hivyo unavyotembea navyo Oginga Odinga Street shingo juu, vinaweza kula milisekunde 150 hadi 250, maana sauti lazima ifungashwe, irushwe, ipokewe, kisha ifunguliwe. Sasa piga hesabu. Wimbo wenye midundo 120 kwa dakika una milisekunde 500 kati ya mdundo na mdundo. Ukichelewa 200, umekaribia katikati ya mdundo huu na ule. Hapo hata D. O. Misiani wa benga na bendi yake ya Shirati Jazz wangeambiwa wamekosa.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema, na chako kiko masikioni. Najua utaniuliza: mbona filamu naitazama kwa visikizi hivyo hivyo na midomo inaendana na maneno? Ni kwa sababu simu huichelewesha picha makusudi ili ingoje sauti. Gemu haiwezi kufanya hivyo, kwani haijui wewe utabonyeza lini.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi, chagua wimbo rahisi, ucheze kwa utulivu, uangalie unakosea upande gani. Ukiambiwa umechelewa, umechelewa, umechelewa, daima upande ule ule, basi mashine ndizo zinazokusingizia. Ukiwahi hapa ukachelewa pale, sitakudanganya kwa sababu nakupenda: hayo ni mazoezi tu, na mchagua jembe si mkulima.

Mkosaji akiwa ni mashine, rudi kwenye waya. Kwenye simu, visikizi vya waya. Nyumbani, ile sabufa mliyoiunganisha na TV kwa Bluetooth, tafuteni waya muichomeke. Na kama ina vikorombwezo vya kuifanya sauti ivume kama ukumbini, vizimeni. Kisha itazame TV yenyewe. Zile za kichogo za zamani zilikuwa nzito na mbaya, lakini picha ilikuwa haikawii. Hizi bapa hupenda kuirembesha picha kabla ya kukuonyesha, na urembo huo unachukua muda. Gemu nyingi zinaonyesha picha 60 kwa sekunde, yaani kila picha milisekunde 16 na ushei, na TV inaweza kushikilia picha kadhaa ikiipamba. Ingia kwenye menyu ya picha, utafute hali ya gemu, uiwashe. Rangi zitapoa kidogo. Mama akilalamika, mrudishie rangi zake kabla ya taarifa ya habari, usimletee maneno.

Padi nayo ina siri yake. Wenye PS4 wengi huchomeka waya wakidhani mambo yamekwisha, kumbe padi inaendelea kuongea na mashine hewani mpaka uende kwenye mipangilio ya vifaa uiamuru itumie waya wa USB. Na si kila waya unafaa. Nyingi za bei ya chini zinachaji tu, hazipitishi kitu kingine. Mvulana wangu wa Kondele, pengine padi yako ya kwanza haikuwa na kosa lolote. Usiitupe.

Baada ya waya ndipo usawazishe muda, si kabla. Gemu nyingi zina sehemu hiyo kwenye mipangilio. Nyingine zimeiita kalibresheni, nyingine ofseti. Gitaa la gemu ya Rock Band 2, mwaka 2008, lilikuwa na kijicho na kisikio chake, likijipimia lenyewe mbele ya TV. Sisi wengine tunapima kwa mkono. Keti pale pale unapochezea. Kwanza sauti: funga macho, ubonyeze kwa kusikia tu. Halafu picha: zima sauti, ubonyeze kwa kutazama tu. Rudia mara kadhaa, uchukue namba inayojirudia, wala si ile iliyokufurahisha. Ukiwa na hasira, acha mpaka kesho, kwa sababu mkono wenye hasira hupima uongo.

Na msiazimane namba! Binamu yako wa Nyalenda ana TV yake na spika yake. Namba yake ikitua kwako inakuharibia. Vivyo hivyo ukisawazisha ukiwa na visikizi vya Bluetooth, kisha ukahamia kwenye spika ya waya, umejirudisha kwenye matope. Ukibadilisha kifaa, pima upya. Nimelisema, na nitalirudia hata mkichoka nami, kwa sababu wengi wenu huanguka hapa hapa.

Wewe wa Manyatta, neno lako peke yako. Katika osu!, gemu aliyoitoa Dean Herbert wa Australia mwaka 2007, ramani za nyimbo hutengenezwa na wachezaji wenyewe, na mtengenezaji naye ni binadamu. Wimbo mmoja ukikusumbua wakati mingine yote inakwenda sawa, usiiguse ofseti kuu. Rekebisha ya wimbo huo tu. Kisha mwite kaka yako, mpe visikizi vyako vya Bluetooth, umwambie acheze yeye. Usimcheke sana.

Mkimaliza hayo yote na bado gemu inawakatalia, niandikieni. Lakini tajeni ni simu au ni TV, sauti inapita kwenye waya au hewani, na mnakosea upande gani. Barua inayosema "Dada, gemu imeniharibikia" bila hayo matatu, siijibu.