Mume yuko Louisville, ndoa iko Biryogo

Shangazi,

Mimi ni Mnyarwanda, mkazi wa Biryogo, Kigali, nina miaka 26. Mwaka 2021 niliolewa na kijana Mkongomani, mkimbizi wa kambi ya Kiziba aliyekuwa fundi cherehani hapa Nyamirambo. Sheikh alitufungisha nikahi nyumbani kwa baba, tukala pilau, basi. Ofisi ya umurenge, kwa ndoa ya serikali, hatukwenda. Juni 2024 wazazi wake walipata safari ya Marekani, naye akaondoka nao. Yuko Louisville, Kentucky. Mimi nimebaki na binti yetu wa miaka mitatu. Kazini kwake kumejaa Wakuba, wanamwambia wao wakitimiza mwaka mmoja na siku moja wanapata grini kadi, na mke na watoto pia, hata kama si Wakuba. Yeye mwaka umepita, lakini nikiuliza habari yangu anasema "vumilia". Sasa shemeji amenipeleka kwa mtu atakayetutengenezea cheti cha ndoa cha 2021. Nilipe?

Mke wa Mbali, Biryogo

Mwanangu, usilipe hata faranga moja.

Hao Wakuba hawakumdanganya mumeo, ila walimsimulia nusu. Sheria yao ipo tangu 1966, wakati Marekani ilipokuwa ikiwapokea waliomkimbia Castro. Mkuba aliyeingia kwa kibali na kukaa mwaka mmoja anaweza kuomba ukaazi wa kudumu, na mkewe wa taifa lolote anafuata. Lakini mke huyo awe yuko Marekani tayari, anaishi naye. Wewe uko Biryogo. Tena si Wakuba wote wanaofaidi: wengi walioingia kupitia mpaka wa Mexico waliachiwa kwa karatasi iitwayo I-220A, na Septemba 2023 baraza la rufaa la uhamiaji liliamua kwamba karatasi hiyo si kibali cha kuingia. Wamekwama.

Mumeo naye, kama mkimbizi, akitimiza mwaka anatakiwa aombe grini kadi yake. Mwulize kama ameomba. Kuna pia fomu I-730, ambayo mkimbizi huitumia kuita mke na watoto aliowaacha, ndani ya miaka miwili tangu aingie. Kwake muda huo unakwisha Juni 2026. Ila mke lazima awe alikuwa mke kabla mume hajaingia Marekani, na ndoa hupimwa kwa sheria ya nchi ilikofungwa. Katiba ya Rwanda inatambua ndoa ya serikali peke yake. Kwa Mungu wewe ni mke wa mtu. Kwa fomu ile, bado.

Sasa angalia hicho cheti cha kununua. Yawezekana kabisa kwamba kwenye mahojiano ya safari mumeo alisema hajaoa. Wengi husema hivyo ili faili la wazazi lisichelewe. Mimi sikupendezwa, lakini kwa sheria ya hapa jibu lake lilikuwa kweli. Ukileta cheti cha 2021, umemfanya mwongo wewe mwenyewe, kwa karatasi ya bandia juu yake. Udanganyifu wa namna hiyo unaweza kukufungia mlango maisha, naye akahatarisha alichokwisha kupata.

Binti ni habari nyingine. Alizaliwa kabla baba hajaondoka, kwa hiyo baba anaweza kumwombea kwa I-730 hata kama ndoa yenu haihesabiki. Je, jina la baba limo kwenye cheti chake cha kuzaliwa? Je, baba alimtaja kwenye mahojiano? Kama alimficha, aeleze ukweli kupitia mwanasheria, na kipimo cha DNA kipo. Louisville kuna Kentucky Refugee Ministries na Catholic Charities, wanaofanya kazi na wakimbizi. Aanzie huko, si kwa rafiki wa kazini.

Kwako wewe njia ni ndefu. Akishapata grini kadi na hati ya safari ya mkimbizi, aje Kigali mfunge ndoa umurenge, ana kwa ana. Msidanganyike na ndoa ya simu: Marekani haiitambui mpaka wanandoa wawe wamekutana baada yake. Kisha akuombee kwa fomu I-130 kama mwenye ukaazi, foleni ya miaka. Akishakuwa raia, jambo analoweza kuomba akitimiza miaka mitano tangu alipoingia, foleni hiyo inaondoka. Na ujue kwamba tangu Januari 2025 Marekani imesimamisha kupokea karibu wakimbizi wote, hivyo hata ombi la mtoto linaweza kusuasua. Lipelekwe hivyo hivyo, kwa sababu tarehe ya mwisho haisubiri siasa.

Neno lake la "vumilia" halinitoshi. Mwanamume anayekutaka atakutumia namba ya ombi lake la grini kadi na jina la mwanasheria wa mtoto. Mpe mwezi mmoja. Asipotuma, umeshajibiwa.