SOMO LETU: MIMEA YA KANDO YA MTO – IPI IBAKI, IPI IONDOLEWE?



Kabla ya mvua ya masika, vikundi vyetu hutoka na mapanga kusafisha mto. Ni kazi njema. Lakini tumeona mahali pengine wakifyeka kila kitu, udongo ukabaki mtupu. Kwingine nepia na matete yameachwa mpaka maji hayana njia. Yote mawili ni hasara. Tujifunze mimea inafanya nini kwa maji.

1. Mimea ya ukingoni
Maji yakigonga nyasi na mashina, yanapoteza nguvu. Nyasi laini hulala maji yakizidi, zikafunika udongo kama mkeka. Vichaka na miti hupunguza mbio za maji, na mizizi yake inashika ukingo usiporomoke. Ukingo ukiwa mtupu, maji yanakula udongo na kwenda kuumwaga mbele, mahali pa tambarare. Hapo kina kinapungua, na mvua inayofuata mto unafurika upesi.

2. Mimea ya ndani ya mkondo
Hapa mambo ni tofauti. Mimea ikisongamana katikati, mwendo wa maji unapungua, kwa hiyo maji yanapanda juu. Mashina yananasa chupa, matambara na matawi, na chini ya daraja panazibika kabisa. Tukumbuke Nairobi Dam, iliyojengwa mwaka 1953: maji machafu ya mto Motoine yalilisha gugu maji mpaka likalifunika bwawa.

3. Sisi ni majirani
Mto Nairobi unaanzia kinamasi cha Ondiri, Kikuyu. Unapita kati ya Kangemi na Kawangware, ukateremka Chiromo, Museum Hill na Globe mpaka Gikomba. Wa juu akifyeka ukingo wake, wa chini anapokea maji mengi kwa mara moja, pamoja na udongo. Katika Luka 10, mwalimu wa sheria alimwuliza Yesu jirani yake ni nani. Kwetu sisi, ni yule anayepokea maji yetu.

Hata hivyo tusidanganyane. Jiji la lami na mabati halinywi maji ya mvua, na nyasi peke yake hazingezuia mafuriko ya Aprili na Mei 2024. Wengi walifiwa, kisha nyumba za kando ya mto zikabomolewa. Kanuni za mwaka 2006 zilitaka ukingo wa mita 6 hadi 30 uachwe wazi, kulingana na upana wa mto.

4. Jaribio
Tafuta vipande viwili vya mfereji wa mabati. Kimoja weka udongo mtupu, kingine udongo wenye nyasi. Viinamishe sawasawa, mwaga kopo moja la maji kila kimoja. Ni maji yapi yanafika chini kwanza? Yapi ni machafu zaidi?

5. Tufanye hivi
– Tuanze na takataka.
– Ndani ya mkondo tufyeke, na majani tuyatoe nje kabisa.
– Ukingoni tupunguze kwa panga, tusing'oe kwa jembe.
– Palipo patupu tupande nyasi, na juu yake miti ya kienyeji kama mkuyu.
– Sukuma wiki na nduma zisilimwe kwenye mteremko wa ukingo. Kila tukichimba, tunalegeza udongo.

Maswali kwa Jumuiya Ndogo Ndogo
1. Mto wetu umezibika wapi? Na nini?
2. Jirani zetu wa chini ni akina nani? Tumewahi kuongea nao?
3. Anayelima ukingoni kwa sababu hana shamba lingine, tumsaidieje?