JUMANNE: Akamgusa

Soma Marko 1:40–45. Yesu angeweza kumponya mwenye ukoma huyu kwa neno tu, akiwa mbali. Kwa nini alimgusa?

Kwa torati, mwenye ukoma alikaa peke yake, nje ya kambi (Walawi 13:46). Sasa tazama mstari wa 45: aliyeponywa anakwenda kati ya watu akitangaza habari, na Yesu ndiye anayebaki nje ya miji. Wamebadilishana mahali.

Huku Ufipa hupenda kusemwa kwamba jina Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi". Hata hivyo, bado yuko bibi mjane anayeogopwa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni wa miaka mingi. Sabato alasiri tunampelekea unga, tunauacha mlangoni, tunaondoka. (Mimi pia nimefanya hivyo.) Unga anauhitaji kweli. Lakini nani ameketi jikoni kwake, akala ugali aliousonga yeye, majirani wakiona?

Kwa kujadili: Mtaani kwenu, ni nani ambaye watu hawali kwake? Nani katika kundi lenu atakwenda juma hili, na nani atafuatana naye?