Kwihara ya Tabora: Nyumba amepewa mgeni, wenyeji wako wapi?

UKIFIKA Tabora ukamwomba kijana wa bodaboda akupeleke kwenye nyumba ya kale iliyoko Kwihara, nje kidogo ya mji, atakuambia, "Kwa Livingstone." Nyumba yenyewe ni tembe lililojengwa upya, sasa ni makumbusho. Livingstone alikaa Kwihara miezi sita tu. Aliingia Februari 1872 pamoja na Stanley, akaondoka Agosti mwaka huo huo. Alikuwa mgeni, tena mgeni mchovu anayesubiri wapagazi kutoka pwani. Suala la kujiuliza ni hili: wenyeji wake walikuwa nani?

Nafundisha elimu ya dini ya Kiislamu hapa Runzewe. Zamani tulihesabiwa Mkoa wa Shinyanga, tangu 2012 tuko Geita. Wanafunzi wangu huona habari za Tabora ni za watu wa Tabora. Sivyo. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Tabora kwenda Karagwe kwa Mfalme Rumanika ilipita pande zetu hizi, Msalala, Uzinza na Usui. Malori ya Rwanda yanayolala hapa kwetu usiku si jambo geni kwa nchi hii.

Tuanze na wenye nchi. Unyanyembe ilikuwa na ntemi wake wa Kinyamwezi, Fundikira. Katika himaya yake Waarabu wa Oman na Waswahili wa pwani walijenga makazi yaliyoitwa Kazeh, ndiyo Tabora. Burton na Speke walifika hapo tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu waondoke pwani. Aliyewaongozea msafara alikuwa Said bin Salim, ambaye baadaye alikuwa liwali wa Unyanyembe akiishi Kwihara. Aliyewapokea Kazeh ni Snay bin Amir, ambaye maisha aliyaanza Maskati kwa kutengeneza halua. Alikuwa mtu wa kusoma, mwenye kumbukumbu kali, na alimsaidia Burton kujifunza Kinyamwezi. Burton, ambaye hakuwa mwepesi wa kuwasifu watu, aliandika juu yake kwa shukrani.

Snay huyu ndiye aliyewaeleza kwamba kaskazini kuna ziwa kubwa kuliko Tanganyika. Speke alifuata maelezo hayo, tarehe 3 Agosti 1858 akalitazama ziwa pale Mwanza, akalipa jina la malkia wake, Victoria. Vitabu tulivyosomea shuleni vikaandika kwamba "aligundua". Ndugu msomaji, mtu aliyeelekezwa njia na mwenyeji wake akafika, amegundua nini?

Hapo Waislamu wengi hufurahi na kufunga kitabu. Mimi nasema tusikifunge, kwa sababu ukurasa unaofuata unatuhusu sisi. Utajiri wa Snay ulitokana na pembe za ndovu na biashara ya watumwa. Mashamba na bustani zilizozunguka matembe ya wakubwa wale zililimwa na watumwa. Na walipotofautiana na ntemi mpya, Mnywa Sere, aliyetaka bidhaa zao zilipiwe kodi katika nchi yake, walimwondoa wakamweka Mkasiwa. Snay aliuawa mwaka 1861 katika vita hivyo hivyo. Miaka kumi baadaye Mirambo wa Urambo aliingia Tabora na kuuchoma sehemu ya mji, ambao Stanley alikadiria kuwa na watu elfu tano.

Kijana Mwislamu anapoulizwa na mwenzake juu ya utumwa, mara nyingi hujibu kwamba hizo ni propaganda za wamisionari. Jibu hilo halimsaidii. Ni kweli wamisionari waliikuza habari hiyo kwa faida yao, na ni kweli watemi wa bara nao waliuza watu. Lakini mfanyabiashara Mwislamu hapimwi kwa mizani ya mmisionari wala ya mtemi. Anapimwa kwa Kitabu chake. Aya ya 60 ya Surat Tawba imeweka ukombozi wa watumwa katika mafungu manane ya zaka. Na katika hadithi aliyoipokea Bukhari, Mtume (s.a.w.) ametaja watatu ambao Mwenyezi Mungu atakuwa mgomvi wao Siku ya Kiyama. Mmoja ni anayemuuza mtu huru akala thamani yake. Kijiji kilichovamiwa usiku kilikuwa na watu huru. Sioni sheikh atakayelipinda hilo.

Wa tatu katika hadithi hiyo ni anayemwajiri mtu, akamtumikisha, kisha asimpe ujira wake. Nalitaja kwa makusudi, maana watu wengi huchanganya wapagazi na watumwa. Wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru, walikubaliana ujira, walilipwa kwa vitambaa, na wakidhulumiwa walitua mizigo wakaondoka. Hao ndio waliobeba biashara yote ya Unyanyembe mabegani, na kwenye historia tunayosomesha hawapo.

Wanawake nao hawapo. Karunde, binti wa Fundikira, aliolewa na Muhammad bin Juma, baba yake Tippu Tip, aliyeishi Ituru karibu na Tabora. Ndoa ile ilifungua milango ya biashara ambayo bunduki zisingeifungua. Habari hizi Tippu Tip, aliyefariki Unguja mwaka 1905, alizieleza mwenyewe katika kitabu cha maisha yake, kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Maelezo ya Stanley yamenukuliwa mpaka basi, na kitabu hiki cha lugha yetu wenyewe wangapi tumekishika mkononi? Ni kitabu cha mtu mwenye kujitetea, kisomwe kwa tahadhari. Lakini kisomwe.

Utawala wa wakubwa wale wa Unyanyembe uliishia mikononi mwa Wajerumani, ambao Januari 1893 walivunja boma la Isike, mwana wa Mkasiwa, naye akajilipua kwa baruti kuliko kushikwa. Utumwa haukwisha siku hiyo. Sheria ya kuufuta Tanganyika ilikuja 1922. Maana yake ni kwamba Tabora leo wapo wazee ambao bibi zao waliishi chini yake, na wengine ambao babu zao walikuwa na watumwa. Wanaswali safu moja. Mwalimu wa madrasa aliyeko Kwihara, Gongoni au Ituru anaweza kuwakalia baada ya Alasiri na daftari, akiwauliza kwa adabu, na kuandika majina.