UZEMBE WA MATIBABU: SHERIA INAPIMA VIPI?



Somo la leo linahusu jambo ambalo sisi watu wa Tarime na Serengeti hulizungumza sana msibani, lakini mara chache hulipeleka mahali panapostahili. Mgonjwa amepelekwa zahanati au hospitali, akafa au akapata kilema. Ndugu wanasema, "Mganga kamuua." Mganga anasema, "Siku zake zilikuwa zimefika." Nani anasema kweli? Sheria ina njia ya kulipima jambo hili. Waganga na wauguzi hufundishwa njia hiyo vyuoni, kama vile Shirati na Kisare pale Mugumu, na tena katika mafunzo ya kazini. Hakuna sababu ya wewe unayetibiwa kutoijua.

Tuanze na tukio lililoshtua nchi nzima. Mwezi Novemba 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, walikuwapo wagonjwa wawili wenye jina la kwanza moja. Mmoja alikuwa na ugonjwa wa kichwani, mwingine alikuwa anaumwa goti. Wa kichwa akapasuliwa goti. Wa goti akapasuliwa kichwa. Yule wa kichwa alifariki baadaye. Waganga walisimamishwa kazi na uchunguzi ukafanyika. Ile ilikuwa hospitali kubwa yenye mabingwa. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kuuliza kwa wakati: "Huyu ni yupi kati ya wale wawili?"

Sasa fikiria wodi ya Tarime au Mugumu. Muuguzi akiita "Chacha!" watainuka wangapi? Akiita "Marwa" je? Huku kwetu yuko Chacha Marwa na yuko Marwa Chacha, na huenda wamelazwa vitanda jirani. Upande wa akina mama, Bhoke, Ghati na Robhi ni wengi kama mahindi shambani. Kwa hiyo usiitikie jina moja tu. Taja majina yako matatu, umri wako na kijiji chako. Mtoto wako akiletewa sindano, taja jina lake na ugonjwa wake kabla hajachomwa. Muuguzi mwema hataudhika, maana ndivyo alivyofundishwa. Kabla ya kutoa dawa yampasa ahakikishe mambo matano: mgonjwa ndiye, dawa ndiyo, kipimo ndicho, njia ndiyo (ya mdomo au ya sindano), na saa ndiyo.

Kwa upasuaji, Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha mwaka 2008. Wahudumu husoma orodha hiyo kwa sauti: jina la mgonjwa, upasuaji gani, upande gani wa mwili, na baadaye huhesabu vifaa visije vikasahauliwa tumboni. Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali nane za nchi nane, moja ikiwa Ifakara hapa Tanzania. Matokeo yalitolewa mwaka 2009. Katika kila wagonjwa 1,000 waliopasuliwa, vifo vilishuka kutoka 15 hadi 8. Karatasi moja tu, isomwayo kwa dakika chache!

Sasa tuje kwenye sheria. Si kila kifo ni uzembe. Mahakama huuliza maswali manne. Je, mganga huyu alikuwa na wajibu wa kumtunza mgonjwa huyu? Je, alipungukiwa na uangalifu uliotakiwa? Je, mgonjwa ameumia? Na la nne, ambalo ndilo gumu kuliko yote: je, kuumia huko kumetokana na upungufu ule, au kungetokea hata kama mganga angefanya yote sawasawa? Jibu la swali moja likiwa "hapana", madai ya fidia hayasimami.

Uangalifu hupimwa kwa mtaalamu wa kawaida wa kazi ile. Kipimo hiki tumekipata katika sheria ya Uingereza, hasa katika kesi ya Bolam ya mwaka 1957. Muuguzi wa zahanati hapimwi kwa kipimo cha bingwa wa Muhimbili. Hupimwa kwa muuguzi mwenzake aliyesoma kama yeye.

Tuchukue mfano. Mama amejifungua usiku katika zahanati ya kijiji. Damu inatoka nyingi na haikatiki. Mkunga amemchoma sindano ya kukaza mfuko wa uzazi, ameukanda mfuko huo, ameweka maji ya mshipa, amepiga simu ya gari na ameandika barua ya rufaa. Mto umefurika, gari limechelewa, mama amefia njiani. Huu ni msiba mkubwa, lakini mkunga huyo hakuzembea. Sasa badili mambo machache. Mama ni yule yule na damu ni ile ile, lakini mkunga alikwenda kulala nyumbani bila kumwachia mtu kazi, akarudi alfajiri. Hapo swali la pili limepata jibu.

Uko pia mfano wa tatu, ambao watu husahau. Mkunga yupo na anajua kazi yake, lakini sindano ile haikuwapo kabatini kwa miezi miwili, na aliandika barua ya kuiomba. Hapa usimkamate shati mkunga! Sheria humtaka mwajiri ajibu kwa kazi ya mtumishi wake na kwa upungufu wake mwenyewe. Kwa zahanati ya serikali, mwajiri huyo ni halmashauri.

Utaona kwamba katika mifano yote mitatu ukweli umo katika maandishi. Mama akiwa na uchungu, mkunga hutakiwa kujaza chati. Mapigo ya moyo wa mtoto huandikwa kila nusu saa. Wanaofundisha sheria ya tiba huwaambia wanafunzi wao kwamba kisichoandikwa hakikufanyika. Chati tupu haimsaidii mkunga hata kama alikesha, na haimsaidii mama pia. Kwa hiyo tunza kadi ya kliniki, daftari la matibabu, barua ya rufaa na vyeti vya dawa. Usiviweke juu ya dari ambako panya watavitafuna. Ukihitaji taarifa zilizobaki hospitali, ziombe kwa barua, ubaki na nakala. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mtu haki ya kuziona taarifa zake.

Kuna karatasi nyingine ya kuangalia sana: hati ya idhini ya upasuaji. Wengi hubonyeza dole gumba kwanza na kuuliza baadaye. Wewe uliyejifunza kusoma, isome. Uliza watapasua nini, kwa nini, kuna hatari gani, na kama iko njia nyingine. Mtu mzima mwenye akili timamu hujitolea idhini mwenyewe. Katika ukoo wetu mume au baba mkwe hutaka kutia sahihi kwa niaba ya mke. Kumshauri si vibaya, lakini mwili ni wa mama. Hata mke wa nyumba ntobhu ni mtu mzima, na aliyemtolea ng'ombe si mwenye idhini yake. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 18, mzazi au mlezi ndiye hutoa idhini. Mgonjwa akiletwa amezimia na roho yake iko hatarini, mganga anaweza kuanza kazi ya kumwokoa bila kungoja sahihi.

Ukiamini kuwa umetendewa uzembe, usianze na rungu. Kumpiga mhudumu ni jinai, na zahanati ikifungwa kwa hofu, wanaoumia ni wagonjwa wa kesho. Anza kwa mganga mfawidhi na kamati ya kituo, kisha Mganga Mkuu wa Wilaya. Malalamiko yawe ya maandishi, yenye tarehe. Kama ni kifo, omba maiti ichunguzwe kabla ya kuzika, maana baadaye swali lile la nne litakosa jibu.

Madaktari na matabibu wana baraza lao chini ya sheria ya mwaka 2017. Wauguzi na wakunga wana lao chini ya sheria ya mwaka 2010. Baraza linaweza kuonya, kusimamisha au kumfuta mtu katika daftari la usajili, lakini fidia hudaiwa mahakamani. Wazee wa ritongo wanaweza kupatanisha ukoo na ukoo, lakini hawawezi kumfutia mtu leseni. Uzembe uliohatarisha maisha unaweza pia kuwa jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 233. Hilo hupelekwa polisi.

Anayedai fidia aangalie kalenda. Madai ya namna hii yana muda wa miaka mitatu tangu haki ya kudai ilipoanza. Ukiishtaki Serikali au halmashauri, lazima kwanza utoe notisi ya siku 90, na kesi husikilizwa Mahakama Kuu, ambayo inayo masjala Musoma. Usiyefahamu kuandika notisi, mtafute msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua, na huwasaidia bure wasio na uwezo.

Maswali ya kujadili darasani

1. Soma tena mifano mitatu ya mama aliyejifungua. Katika kila mmoja, nani ajibu, na kwa karatasi ipi?

2. Kila mmoja alete kadi yake ya kliniki au daftari la matibabu. Je, mnaweza kusoma ni dawa gani ilitolewa, kipimo gani na tarehe gani?

3. Mume yuko mnadani, mke anahitaji upasuaji leo hii. Nani atie sahihi?

4. Usiku, gari la wagonjwa likiitwa, hufika kijijini kwenu baada ya saa ngapi, na namba ya simu imebandikwa wapi?