Bibi Kavunjika Nyonga, Nani Aingie Wodini?

Mdogo wangu wa Makanyagio, pole sana kwa bibi. Umeandika mengi kwa mkupuo, kwa hiyo ngoja niyapange. Bibi kateleza uani akitoka chooni, nyonga imevunjika, daktari anataka apasuliwe mapema. Ukoo umejaa Mpanda: wametoka Inyonga, wametoka Karema, na mjomba yuko njiani kutoka Sumbawanga huku anakohoa. Nesi naye amesema wanaoingia kwa bibi wasizidi wawili. Ndugu wanasema nesi ana roho mbaya. Unataka kujua nani yuko sahihi.

Nesi yuko sahihi. Ingekuwa amri yangu, hao wawili ningewapunguza abaki mmoja.

Na ninyi wengine wenye wazee nyumbani, sogeeni msikie. Mzee akivunjika nyonga, mara nyingi kinachommaliza si mfupa, ni mapafu. Maumivu yanamfanya avute pumzi fupifupi. Amelala chali mchana kutwa. Kukohoa anaogopa, maana kila akikohoa paja linamchoma, basi makohozi yanatuama. Hapo ndipo anapoingia mgeni mwenye mafua, anamwinamia, anamkumbatia, anamwambia pole bibi. Kwako wewe mafua ni kupenga kamasi siku tatu na chai ya tangawizi. Kwa bibi, virusi hivyohivyo vinachubua njia ya hewa, bakteria wanafuata nyuma, na baada ya siku chache mnaambiwa ni nimonia. Wakati huo mwili wake tayari una kazi ya kuponya kidonda cha operesheni, na kinga ya mtu wa miaka themanini si ile ya msichana.

UVIKO-19 ndiyo iliyotufumbua macho. Machi na Aprili 2020, madaktari wa mifupa huko Scotland waliwafuatilia wagonjwa 317 waliovunjika nyonga. Walioambukizwa UVIKO walikuwa 27, na zaidi ya theluthi yao walifariki ndani ya siku 30. Kwa wale ambao hawakuambukizwa, waliofariki hawakufika mmoja kati ya kumi. Kuna jambo moja pale ambalo huwa nawasimulia watu wakaguna: wengi wa hao 27 walipopokelewa hospitali, hakuna aliyewashuku kuwa na ugonjwa huo. Mwaka huohuo hospitali 235 za nchi 24 ziliunganisha hesabu za wagonjwa 1,128 wa operesheni za kila aina, wote waliokuwa na virusi hivyo karibu na siku ya upasuaji. Nusu yao walipata matatizo ya mapafu, na karibu robo walifariki. Ni kweli, hizo ni hesabu za kabla ya chanjo. Hapa Tanzania chanjo ilianza kutolewa Julai 2021. Lakini mapafu ya mzee aliyelala chali hayajabadilika, na mafua ya kawaida nayo yanajua njia ya kuyafikia.

Sasa, ulinidokeza kuwa shangazi anasema basi bora asipasuliwe kabisa, apelekwe kwa mganga wa mifupa, akae nyumbani mbali na magonjwa ya hospitali. Namwelewa shangazi, hofu yake haikutoka hewani. Ila anakimbia moshi anaingia motoni. Shingo ya paja kwa mzee haiungi kwa kukandwa na kufungwa mianzi. Atabaki kitandani wiki na miezi, na kitanda hichohicho ndicho kinacholeta nimonia, vidonda vya makalioni, na damu kuganda miguuni. Wenzetu wa Uingereza wana mwongozo kwamba mzee wa nyonga apasuliwe siku aliyolazwa au kesho yake, ili aketi na kusimamishwa haraka. Hata wakati wa UVIKO, ushauri wa kungoja wiki saba baada ya kuambukizwa ulikuwa kwa operesheni zinazoweza kusubiri, kama ngiri isiyosumbua. Nyonga iliyovunjika haimo humo.

Sisi watu wa Katavi umbali tunaujua. Ikitoka rufaa ya kwenda Mbeya, au Bugando Mwanza, au taasisi ya mifupa ya MOI pale Muhimbili, ni safari ya kumtikisa hata mzima. Kwa hiyo siku chache mlizonazo msizimalizie kwenye kikao cha ukoo. Muulizeni daktari leo: atafanyiwa hapahapa au anapewa rufaa, lini, na nini kinakwamisha? Akipewa rufaa, anayepanda naye gari awe mzima wa kifua, na dirisha liachwe wazi kidogo hata kama vumbi linakera.

Ulichoandika mwisho, kwa aibu naona, ni habari ya damu: akiongezewa, si atapata ukimwi? Swali zuri, usilionee aibu. Damu inayokusanywa na Mpango wa Taifa wa Damu Salama hupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C, pamoja na kaswende, kabla ya kupewa mgonjwa. Hata damu ya kaka yako inapimwa, undugu hauangaliwi hapo. Upungufu wa damu kwa mzee aliyevunjika nyonga ni hatari ya leo, kwa hiyo anayeweza kuchangia aende. Na kama katika wazee wenu yupo anayetumia dawa za kufubaza virusi, siku za wodini dozi isikatike na daktari aambiwe. Mnong'onezeni pembeni, si lazima ukoo mzima ujue.

Na ukoo wote kujaa wodini, hapana. Najua kwetu tukiugua tunahesabiana nani alikuja na nani hakuja, na kesi hiyo inaweza kuishi miaka. Mtangazieni ukoo mapema kwamba daftari la mahudhurio liko nyumbani, chini ya mwembe, siyo kitandani. Anayebaki wodini awe mtu mmoja asiye na mafua, asiyelea mtoto mwenye kamasi, na abadilishane na mwenzake mmoja tu. Anawe mikono kwa sabuni kabla ya kumlisha uji, avae barakoa. Daktari akiruhusu, amwinue bibi kwa mito mgongoni, amhimize kuvuta pumzi ndefu na kukohoa kwa nguvu hata kama analalamika. Dawa ya maumivu isicheleweshwe. Asiyeumia sana ndiye anayepumua vizuri.

Msisubiri joto lipande ndipo mseme anaumwa. Wazee wengi hawachemki. Ukiona anapumua harakaharaka, amekataa chakula alichokipenda jana, au ameanza kuweweseka na kukuita jina la marehemu dada yake, mwite nesi hapohapo, hata ikiwa usiku wa manane. Msikae kusema ni uzee, wala ni mizimu inamsalimia.

Na mjomba wa Sumbawanga? Akishuka stendi, apokelewe, ale, alale. Damu asikimbilie kuchangia, atarudishwa mpaka apone kikohozi. Kazi yake ipo: ile njia ya kwenda chooni aimwagie kokoto na aweke kishikio ukutani kabla bibi hajaruhusiwa. Bibi aongee naye kwa simu. Akikasirika, mwambie ni mimi nimesema.